Namna ya kumfikisha mtoto mwenye saratani mwisho wa matibabu yake

Dada yangu alikuwa na daftari la shule la kurasa 96, ambalo alilivika jalada la nailoni lisilowe, na ndani yake aliandika kila siku ya ugonjwa wa mwanawe: upande wa kushoto tarehe, dawa na saa iliyotolewa, upande wa kulia joto la mwili, alichokula, kama alipata choo, na majibu ya damu pale yalipotoka. Mtoto alikuwa na saratani ya damu, ile inayokwenda kwa kasi na inayowashika zaidi watoto, na matibabu yake yalichukua miaka miwili na ushei. Daftari lilipojaa alinunua la pili, kisha la tatu. Mwongozo huu nimeuandika kwa kuyafungua tena madaftari hayo, na kwa kuongeza yale niliyojifunza kwa madaktari na wauguzi ambao hawakuchoka kunijibu.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba saratani nyingi za watoto zinatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 walio chini ya umri wa miaka 20 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki 30. Ugonjwa ni ule ule na dawa nyingi ni zile zile. Tofauti inaletwa na kuchelewa kufika, ugonjwa kutotambuliwa au kutambuliwa vibaya, uhaba wa dawa na wataalamu, na familia kukatisha matibabu katikati. Uhaba wa dawa na wataalamu ni mzigo wa serikali na wadau wake, na ndiyo maana mwaka 2018 shirika hilo lilizindua mpango wa dunia wenye lengo la kuwafikisha wanaopona kuwa angalau 60 katika kila 100 ifikapo mwaka 2030. Lakini kuchelewa na kukatisha kuna sehemu ambayo familia inaweza kuishika kwa mikono yake, na hiyo ndiyo nitakayoikalia zaidi.

Kutambua mapema na kufika panapotakiwa

Saratani ya mtoto hujificha nyuma ya magonjwa tuliyoyazoea. Mtoto wetu alitibiwa malaria mara nne katika zahanati moja ndani ya miezi miwili, mara mbili kati ya hizo bila hata tone la damu kupimwa, na alipopauka aliongezewa damu katika kituo kingine akarudishwa nyumbani, wala hakuna aliyeuliza damu yake ilikuwa inakwenda wapi. Kwa hiyo ninashauri hivi: tatizo lolote la homa, upungufu wa damu au uvimbe ambalo limetibiwa mara mbili na bado linarudi, lisitibiwe mara ya tatu kwa kubahatisha. Omba kipimo kamili cha damu, kile kinachohesabu seli nyekundu, seli nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu, na kama kituo hakina kipimo hicho, omba barua ya rufaa.

Dalili hutofautiana kwa aina ya saratani. Mwenye saratani ya damu hupauka, hupata homa zisizoisha, michubuko mahali ambapo hakujigonga na damu ya fizi au ya puani, na mara nyingi hulalamika mifupa inamuuma hadi anakataa kutembea, jambo ambalo wengi wetu huliita uvivu au kudeka. Saratani ya jicho, ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano, huonekana kwanza kama weupe ndani ya mboni, hasa katika picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, ambapo jicho moja hutoka na wekundu wa kawaida na la pili hung'aa kwa weupe. Makengeza yaliyoanza ghafla nayo ni ya kuchunguzwa. Uvimbe wa taya unaokua kwa siku chache na kulegeza meno ambayo hayajafikia umri wa kung'oka ni ishara ya saratani ya tezi iitwayo limfoma ya Burkitt, ambayo iko zaidi katika maeneo yetu yenye malaria nyingi na ambayo hukua haraka kuliko karibu uvimbe mwingine wowote wa binadamu. Maumivu ya kichwa ya kila asubuhi pamoja na kutapika, au mtoto aliyekuwa akitembea vizuri kuanza kuyumba, humfanya daktari afikirie ubongo.

Kisha kuna saratani ya figo, ambayo mara nyingi mama ndiye anayeigundua. Anamwogesha mtoto jioni, kiganja chenye sabuni kinapita ubavuni na kukuta kitu kigumu, upande mmoja wa tumbo umejaa kuliko mwingine, na mtoto mwenyewe hana maumivu, anacheza na maji. Likikupata hilo, usimwite kila ndugu aje abonyeze ahakikishe. Uvimbe huo unaweza kupasuka ndani ukasambaza seli tumboni, na ugonjwa uliokuwa wa hatua ya kwanza ukapanda. Mfunike mtoto, asubuhi mpeleke hospitali.

Kuna mambo matatu ambayo ni bora yasifanyike kabla ugonjwa haujapata jina. La kwanza ni kuchanja, kukanda au kuchoma uvimbe. La pili ni kumpa mtoto pridnisoloni au dawa nyingine ya jamii hiyo, yaani steroidi, kwa ajili ya kupunguza uvimbe bila daktari kujua anachotibu, kwa sababu dawa hiyo huua kwa muda seli za saratani ya damu na ya tezi, uvimbe ukanywea, kipimo kikatoka kizuri, na ugonjwa ukarudi baada ya wiki chache ukiwa mgumu zaidi kuutambua na kuutibu. La tatu ni kukubali uvimbe ukatwe katika kituo ambacho hakina mpango wa kupeleka kinyama, yaani kipande cha uvimbe, maabara. Kilichokatwa kikatupwa hakiwezi kupimwa tena.

Nchini Tanzania, matibabu ya saratani za watoto yanapatikana katika Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Bugando mjini Mwanza na Hospitali ya KCMC mjini Moshi. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Uganda kuna Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago, Kampala. Na Rwanda kuna Hospitali ya Butaro. Mwombe anayeandika rufaa apige simu kabla hujaondoka, maana safari ya siku mbili kwa basi ukiwa na mtoto mgonjwa, kisha kuambiwa uje Jumatatu, imewarudisha wengi nyumbani moja kwa moja.

Siku ya majibu

Siku hiyo usiende peke yako. Mwenye kusikia neno saratani kwa mara ya kwanza hasikii mengine yanayofuata, kwa hiyo awepo mtu wa pili wa kusikia na wa kuandika. Maswali ya lazima ni machache: ugonjwa unaitwaje kwa jina kamili, umefika hatua gani, lengo la matibabu ni kuponya au kupunguza maumivu, yatachukua muda gani, sehemu ipi ni ya kulazwa na ipi ni ya kuja na kurudi, na ni gharama zipi zitakazotoka mfukoni. Daktari akitaja neno usilolielewa, mwombe aliandike kwenye daftari kwa mkono wake, kwani jina hilo utaulizwa kila mahali utakapokwenda.

Swali ambalo kila mzazi hulibeba, hata asipolitamka, ni nani amesababisha. Dada yangu alijilaumu kwa kunywa dawa za kichefuchefu alipokuwa mjamzito, na upande wa baba walianza kunong'ona kuhusu jirani. Ukweli ni kwamba saratani nyingi za watoto hutokana na makosa yanayotokea ndani ya seli wakati mwili unakua, bila mtu kufanya lolote. Takriban mtoto mmoja katika kila kumi wenye saratani ndiye aliyezaliwa na mabadiliko ya kurithi yanayomweka katika hatari, na mfano unaojulikana zaidi ni saratani ya jicho inapoyashika macho yote mawili. Hapo ndugu zake wadogo nao wapimwe macho tangu wachanga. Ugonjwa hauambukizi. Watoto wengine wanaweza kula naye, kulala naye na kumkumbatia, ilimradi wao wenyewe hawana mafua, tetekuwanga wala surua.

Mtoto naye aambiwe. Hata wa miaka minne anajua kuna kitu, na akifichwa hubuni chake, mara nyingi kwamba anaadhibiwa. Mwambie kwa maneno yake: damu yako ina ugonjwa, dawa hizi zitakuchosha na zitaangusha nywele, nywele zitaota tena, na mimi nitakuwa hapa. Usimwahidi kwamba sindano haiumi. Akigundua umemdanganya mara moja, siku ya sindano ya mgongo watahitajika watu watatu wa kumshika.

Kikao cha ukoo

Katika wodi ile niliwaona watoto waliotoweka. Kitanda kilikuwa na mtu Ijumaa, Jumatatu mwingine amelazwa, na wauguzi wakipiga simu haipokelewi. Kwa wengi waliokuja kurudi baadaye, upendo haukuwa umepungua hata kidogo; kilichokwisha ni nauli, au mahindi yalikuwa shambani, au mtoto mwingine aliugua nyumbani, au babu aliamuru mtoto arudishwe. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba ndani ya wiki ya kwanza, kabla pesa na nguvu havijapungua, ukoo ukae kikao kimoja, na katika kikao hicho daktari au muuguzi azungumze kwa simu ikiwa hawezi kuonana nao, ili wenye sauti katika familia wasikie kwa masikio yao muda halisi wa matibabu. Kaka mkubwa aliyesikia "miaka miwili na nusu" kutoka kwa daktari hatapiga simu mwezi wa tatu kuuliza kwa nini hamjarudi.

Kikao kigawane mambo kwa majina ya watu. Nani atakaa na mgonjwa, na nani atampokea baada ya wiki ngapi, kwa sababu mlezi mmoja hawezi kulala kwenye kiti kwa miezi sita. Nani atawalea watoto wanaobaki, na ni nani atakayewaeleza mara kwa mara kinachoendelea, kwani ndugu wa mgonjwa husahaulika na kuanza kufeli shuleni. Nani atatunza pesa, akiwa tofauti na anayezipokea. Sisi tulikubaliana kila mtu mzima atume kiasi kidogo kwa simu kila tarehe 5, na kiasi hicho kiliitwa nauli tu, kisiguswe kwa jambo lingine. Mchango mkubwa wa mara moja ulikwisha katika wiki saba. Ule mdogo wa kila mwezi ndio uliotufikisha.

Ukifika hospitali, mtafute ofisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, usisubiri deni. Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe gharama watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, na wasio na uwezo wana utaratibu wao wa msamaha, lakini hauji wenyewe, unaombwa, na kwa kawaida huhitaji barua ya serikali ya mtaa au kijiji, ambayo ni rahisi kuipata kabla hujasafiri. Kenya, familia ijiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa nchi hiyo, NHIF, mwezi Oktoba 2024, na ihakikishe michango haikatiki. Uliza pia kuhusu mashirika yaliyo karibu na wodi. Tumaini la Maisha, linalofanya kazi na Muhimbili, huwasaidia watoto na walezi kwa malazi, chakula na masomo. Nairobi kuna Faraja, yenye mfuko wa kuwachangia wagonjwa matibabu. Na Kampala, Bless a Child huwapokea watoto na wazazi wanaotoka mbali. Kuomba nafasi katika nyumba hizo si fedheha. Zimewekwa kwa sababu mtoto aliye umbali wa dakika kumi kutoka wodini hafi kwa homa ya usiku kama yule aliye umbali wa saa tisa.

Homa, na mambo mengine ya nyumbani

Nikiambiwa nichague ukurasa mmoja tu wa kumpa mzazi, ningechagua huu. Dawa za kemo huua seli za saratani, lakini pia hushusha seli nyeupe zinazopigana na vijidudu, na kwa dawa nyingi seli hizo huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa kutolewa. Katika siku hizo, maambukizi ambayo mtoto mwingine angeyashinda kwa kulala yanaweza kumuua mgonjwa kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo nunua kipimajoto, ujifunze kukisoma wodini mbele ya muuguzi, na joto likifika nyuzi 38 au kiwango mlichoandikiwa na hospitali yenu, ondoka wakati huo huo. Usisubiri kupambazuke. Usimpe kwanza parasitamo uone kama homa itashuka, kwa maana ikishuka ugonjwa unaendelea huku wewe umelala. Kipimajoto kiwekwe kwapani au mdomoni, kisiwekwe kamwe njia ya haja kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo ya maambukizi na ya kutokwa damu asipewe enema wala dawa ya kuingiza huko. Mtoto anayetetemeka, aliyelegea au mwenye mikono baridi apelekwe hata kama kipimajoto kinaonyesha joto la kawaida.

Mfuko wa usiku ukae tayari mlangoni: kadi ya hospitali, daftari, nguo mbili, maji, chaja, na nauli ya bajaji au teksi iliyofungwa kwenye bahasha. Dada yangu aliandika nyuma ya jalada namba ya dereva mmoja wa mtaani aliyekubali kuamshwa saa yoyote, na chini yake karatasi yenye maneno ya kuonyesha katika hospitali yoyote ya karibu: mtoto huyu anatibiwa saratani, seli zake nyeupe zinaweza kuwa chini, anahitaji dawa kali ya mshipa ya kuua bakteria ndani ya saa moja, na piga simu wodi namba hii. Karatasi hiyo ilitumika mara mbili. Mara moja daktari kijana wa zamu aliisoma, akanyamaza, akampigia mwenzake, na dakika arobaini baadaye dawa ilikuwa inaingia.

Asichomwe sindano ya msuli katika duka la dawa, kwa kuwa chembe sahani zikiwa chini damu huvujia ndani ya nyama, na kwa sababu hiyo epuka pia aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Akiwa karibu na mtoto mwenye tetekuwanga au surua, toa taarifa siku hiyo hiyo bila kungoja apate vipele. Dripu ikiwa inaingia na mtoto akalia kwamba mkono unawaka, mwite muuguzi papo hapo, maana baadhi ya dawa zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Mkojo ukitoka mwekundu siku moja au mbili baada ya ile dawa nyekundu ya kemo (doksorubisini au ya jamii yake), kwa kawaida ni rangi ya dawa yenyewe, lakini mwulize muuguzi uhakikishe.

Kuhusu chakula, maji yachemshwe, nyama na mayai viive kabisa, matunda yaoshwe na kumenywa. Mtoto wetu alishuka hadi kilo 13 na kwa majuma kadhaa alikula uji wa karanga na parachichi peke yake. Wauguzi walisema mpeni hicho hicho, kidogo kidogo, hata mara nane kwa siku.

Na mitishamba? Mwambie daktari kila kitu unachompa au unachotaka kumpa. Ndugu yetu mmoja alisikia kwamba vinkristini, dawa ambayo mtoto alichomwa kila wiki, asili yake ni ule mmea wa maua ya waridi na meupe kutoka Madagaska, unaopandwa kwenye nyua nyingi za pwani, akaja na majani yake amechemsha. Ni kweli dawa ilitoka humo. Lakini mmea huo ni sumu, na kiasi cha dawa anachopewa mtoto hupimwa kwa sehemu za miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wake. Sufuria haina kipimo hicho.

Mtoto anapoonekana amepona

Hapa ndipo penye hatari ambayo hakuna aliyetuonya. Baada ya mwezi mmoja wa kemo, mtoto wa dada yangu alikuwa anakimbia ukumbini, majibu ya uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, yalionyesha seli za saratani hazionekani tena, na ndugu wawili wakapiga simu kutupongeza na kuuliza mnarudi lini. Ili kuwajibu nilihitaji kujua kwa nini, na jibu liko katika historia ya utafiti wenyewe. Mwaka 1947, jijini Boston nchini Marekani, daktari Sidney Farber alianza kuwapa watoto wenye saratani ya damu dawa iitwayo aminopterini, na mwaka 1948 alitangaza kwamba baadhi yao damu ilisafika na wakaamka vitandani, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Kisha, baada ya miezi, ugonjwa ulirudi na wakafa. Seli zisizoonekana kwa darubini bado zilikuwamo. Ilichukua miaka mingine ya majaribio, hadi miaka ya 1960, kufahamu kwamba dawa kadhaa zitolewe pamoja, kwamba nyingine ziingizwe kwenye maji ya uti wa mgongo ambako seli hujificha, na kwamba vidonge viendelee kwa muda mrefu baada ya mtoto kuonekana mzima. Ratiba ya miaka miwili hadi mitatu iliyobandikwa wodini imepatikana kwa watoto wale.

Kwa hiyo kipindi cha vidonge vya nyumbani kitunzwe kwa ukali ule ule wa kipindi cha dripu. Kidonge kitolewe saa ile ile kila siku, kwa kawaida jioni, na kiwekewe alama kwenye daftari mara mtoto anapomeza, si kabla. Usiongeze wala kupunguza mwenyewe kwa sababu anaonekana dhaifu au mchangamfu. Kiasi hubadilishwa kwa majibu ya damu. Nunua au chukua dawa ya mwezi ujao kabla ya wiki ya mwisho ya mwezi huu. Na nauli ikikosekana, piga simu wodini useme hivyo, siku hiyo hiyo, kwa maneno hayo hayo. Mara nyingi wana namna ya kusaidia, na hata wasipokuwa nayo wanaweza kupanga damu ipimwe hospitali ya wilaya. Anayenyamaza kwa aibu ndiye anayepotea.

Saratani nyingine zina muda mfupi zaidi. Limfoma ya Burkitt hutibiwa kwa miezi, na hapo kuchelewa wiki moja kati ya dozi na dozi kunatosha kuipa nafasi. Saratani ya jicho mara nyingine hudai jicho liondolewe, na hakuna uamuzi unaowavunja wazazi kama huo. Nimewaona walioondoka usiku na mtoto. Ugonjwa ukiwa bado ndani ya jicho, kuliondoa huokoa maisha ya watoto walio wengi, na jicho la bandia huwekwa. Ukitoka nje ya jicho, nafasi hiyo hupungua kwa kasi. Omba kuonana na mzazi ambaye mwanawe alifanyiwa, umwone mtoto mwenyewe akicheza, ndipo uamue.

Ukiombwa mtoto aingie katika utafiti

Siku moja atakuja mtu mwenye fomu. Wengi wetu huogopa na kukataa, au hutia saini bila kusoma kwa kudhani kwamba kukataa kutamnyima mtoto dawa. Yote mawili hayafai.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika utafiti huu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa kiume mwenye uvimbe pande zote za taya, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo una jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana, na ramani yao ikafuata joto na mvua, mle mle inamokaa malaria. Sampuli za uvimbe wa watoto zilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London kwa mtafiti Anthony Epstein. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na sampuli ilipofika majimaji yake yalikuwa na uwingu kama yaliyooza. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa darubini akakuta seli hai zinaelea. Seli kama hizo ndizo alizozikuza yeye na Yvonne Barr, na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, wakatangaza kirusi cha kwanza kufahamika kuhusishwa na saratani ya binadamu. Huko Kampala, mahali ambapo hapakuwa na mashine ya mionzi, ilionekana pia kwamba dawa peke yake zinaweza kuuyeyusha uvimbe huo. Wazazi wa watoto wale hawakuulizwa kwa fomu kama unavyoulizwa wewe leo, na haki hiyo uliyonayo itumie.

Uliza kwanza utafiti ni wa aina gani, kwa sababu kutumia taarifa za faili, kuhifadhi kipande cha kinyama au damu, na kujaribu dawa au ratiba mpya ni mambo yenye uzito tofauti. Uliza mtoto angepata matibabu gani kama asingeingia. Atachomwa sindano ngapi za ziada. Sampuli itakaa nchini au itasafirishwa, na kwa kazi gani. Nani atagharamia matibabu akidhurika. Na kama mtarudishiwa majibu. Nchini Tanzania, utafiti wa afya sharti uwe na kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo inayosimamia hilo kitaifa. Una haki ya kuonyeshwa kibali. Unaweza kukataa, na unaweza kujitoa hata baada ya kukubali, na matibabu ya kawaida yaendelee pale pale. Mtoto mkubwa anayeelewa aulizwe naye. Omba nakala ya fomu ubaki nayo, na uombe usiku mmoja wa kufikiri. Kurudishiwa nauli ni jambo la kawaida; lakini mtu anayekuuzia "dawa mpya" na kudai ulipie ili mwanao aingie kwenye majaribio, bila karatasi ya kibali, huyo hafanyi utafiti.

Ukiridhika na majibu, mimi ningekushauri ukubali. Watoto wengi wenye saratani wako katika nchi kama zetu, ilhali sehemu kubwa ya ratiba tunazotumia zilipimwa kwa watoto walioshiba, wasio na malaria, waliofika mapema.

Kwa ndugu, majirani na walimu

Usiulize "tukusaidie nini", kwa kuwa mama aliyechoka atajibu hakuna. Mwambie: Jumatano nitafua, Alhamisi nitakaa na mtoto uoge ulale. Usimpe habari za mtu wa kijijini aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Damu ni msaada mkubwa kuliko soda na biskuti. Nendeni watano benki ya damu, ingawa hamjaitwa. Mwalimu atume kazi za darasa kwa simu na siku mtoto atakaporudi akiwa hana nywele, awaandae wenzake kabla hajaingia mlangoni.

Dawa zikishindwa

Kuna watoto ambao dawa hazitawaponya. Kuambiwa hivyo hakumaanishi mmeambiwa mwende mkasubiri. Omba huduma ya tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso, na uombe mofini ya maji kwa ajili ya maumivu. Ikitolewa kwa kipimo, haiharakishi kifo, na humwezesha mtoto kulala, kula kidogo na kucheza. Swali la kumuuliza daktari hapo ni moja: tufanye nini siku zake ziwe nyepesi, na ziwe wapi.

Siku ya mwisho ya dawa

Siku hiyo kutakuwa na picha na kengele na machozi, na katika furaha hiyo ni rahisi kuondoka bila karatasi muhimu kuliko zote. Kabla hamjavuka lango, omba muhtasari wa matibabu ulioandikwa: jina la ugonjwa na hatua yake, kila dawa aliyopewa na jumla ya kiasi chake, hasa ile nyekundu ambayo inaweza kuathiri moyo miaka mingi baadaye, upasuaji aliofanyiwa, mionzi ilipigwa wapi na kwa kiasi gani. Uliza chanjo zake zirudiwe lini, dalili gani zikurudishe haraka, na kliniki za ufuatiliaji ni za miezi mingapi mingapi. Piga picha kila ukurasa, mtumie ndugu mmoja picha hizo, na nakala moja iwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu akifika miaka thelathini daktari wake atauliza, na wewe huenda usiwepo.

Katika daftari la tatu la dada yangu, ukurasa wa mwisho ulioandikwa una tarehe ya kliniki ijayo, jina la muuguzi wa kumuulizia, na uzito wa asubuhi ile: kilo 21.